Choo cha Bwana Afya

Siku ya kuniaga mlinipa kiti cha plastiki chenye mikono, saa ya ukutani na mbuzi, kisha mkatangaza kwamba Mzee Theobadi atatusimulia mambo ya kazini. Nilisimama, kipaza sauti kikakoroma mara mbili kikafa, na mkuu wa idara akasema basi, mzee ataandika. Ndiyo maana naandika. Mbuzi tumeshamla, saa inasimama ikitaka, kiti ndicho nimekikalia.

Wengi wenu mmeingia kazini na shahada mkononi. Mimi nilianza na cheti, nikapanda na kushuka vilima vya Biharamulo na Ngara kwa miaka mingi, nikaenda chuo kikuu kusomea afya ya jamii nikiwa na mvi na miwani ya kusomea. Nataka kuwaeleza jinsi nilivyokaribia kurudi nyumbani bila hiyo shahada kwa sababu ya choo kimoja cha Murusagamba, choo kizuri kuliko vyote nilivyowahi kupima maishani. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vimo kwenye faili langu, na hilo faili panya wa masjala wamelisoma kuliko mtu yeyote.

Nilianza kazi Biharamulo. Siku ya kwanza niliripoti nimevaa shati jeupe na viatu vinavyong'aa, kwa sababu mama yangu aliniambia mtu wa afya lazima aonekane mwenye afya. Aliyenipokea alikuwa Mzee Filbati, bwana afya wa zamani, mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza ambaye alikuwa hacheki mpaka wewe uwe umeumia.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Hivyo viatu unakwenda kumwoa nani?"

Akaingia stoo akanitolea gamubuti mbili, zote za mguu wa kushoto. Za kulia alikuwa amekwenda nazo mwenzake aliyehamishwa, na hadi leo sijui huko alikokwenda alitembeaje. Nilivaa zile gamubuti mwezi mzima. Nilikuwa nachechemea vibaya mno, kila kaya wanakimbilia kunipa kigoda na kuninong'onea pole, na kuna mama mmoja wa Kisubi aliyenichemshia dawa ya mguu. Nikainywa, kwani kueleza ukweli kungechukua muda mrefu zaidi.

Vifaa vyetu vilikuwa tepu ya kupimia, tochi, daftari na fimbo ya mbwa. Mimi nilikuwa mtu wa tepu. Nikifika kwenye choo napima mlango, napima tundu, namulika shimo kwa tochi, naandika. Mzee Filbati yeye alikuwa anasimama kwenye kona ya nyumba, anatazama chini kama dakika moja, kisha anakwenda zake kukaa na wenyeji. Mimi nikimaliza kupima namkuta kashamaliza kikombe cha pili cha uji.

Siku moja nilimuuliza anaandikaje ripoti bila hata kufungua mlango.

"Kijana, choo kinaweza kukudanganya," alisema. "Mwenye choo naye atakudanganya, tena kwa heshima zote. Njia haiwezi. Tazama njia inayokwenda chooni. Ikiwa imekanyagwa mpaka udongo unang'aa, watu wanakitumia. Ikiwa na majani, rudi ukanywe uji wako, hapo hakuna choo."

Nililiona jambo la wazee wavivu. Nilikuwa na tepu mpya.

Miaka ikapita, nikahamishiwa Ngara, nyumbani. Nikapewa eneo la Murusagamba, huko mpakani, ambako barabara wakati wa mvua inakuwa na mawazo yake yenyewe. Kwenye mkutano wa kwanza wa kitongoji nilisimama mbele ya wananchi nikakunja uso kama nilivyoona wakubwa wakikunja. Nikasema, "Nikirudi hapa nataka choo. Choo chenye sakafu ya zege, kifuniko, mlango na kufuli. Sitaki maneno, nataka choo." Watu wakapiga makofi. Nikashuka nimejaa sifa. Yakumbukeni maneno hayo, kwa sababu wananchi wale waliyakumbuka vizuri kuliko mimi.

Baada ya hapo ndipo nikapata ruhusa ya kwenda chuo kikuu. Siku ya kwanza nilichelewa kidogo, nikaingia ukumbini nikiwa na koti na begi la ngozi. Ukumbi mzima ukasimama. Nikaona haya, nikawaambia kaeni, kaeni. Wakakaa, wakafungua madaftari, wakashika kalamu. Ilinibidi nipande ngazi kutafuta nafasi huku vijana wote wakinigeukia, wakisubiri nianze kufundisha. Kuanzia siku ile waliniita Profesa, hata siku nilipopata alama mbaya kuliko wote kwenye takwimu.

Takwimu zilinitesa. Kompyuta nayo ilinitesa, hasa pale nilipoifuta kazi ya wiki tatu nikidhani naongeza maandishi yawe makubwa. Lakini niliganda humo humo, kwa sababu nyumbani Kanazi mke wangu Veronika alikuwa analima peke yake, na kila Jumapili anawaeleza watu nje ya kanisa kwamba mume wake anasoma. Padri naye alishatangaza madhabahuni waniombee. Mtu aliyeombewa na parokia nzima hawezi kurudi akasema amefeli. Ningelazimika kuhamia wilaya nyingine, na kuoa sijui kama ningeruhusiwa tena.

Mwaka wa mwisho ukafika wakati wa utafiti. Nikachagua vyoo, na nikachagua kitongoji changu kile kile cha Murusagamba, nikijua kabisa nakwenda kuvuna nilichopanda. Nilitengeneza dodoso la maswali kumi na nane. Chuoni nilikuwa nimefundishwa kwamba kisichokuwemo kwenye dodoso hakimo duniani, nami nikaamini.

Jamani, vyoo nilivikuta. Kila kaya. Vyenye sakafu, kifuniko, mlango na kufuli, kama nilivyoagiza. Bora kuliko vyote kilikuwa cha Mzee Sezari na mkewe Bibi Anastazia, familia iliyotoka Burundi enzi za ukimbizi ikapata shamba hapa ikatulia. Bibi Anastazia alitoa ufunguo kwenye msumari nyuma ya mlango, akatangulia na kitambaa, akafuta sakafu mbele yangu, na sakafu ile ilikuwa safi kuliko sahani yangu ya bwenini. Kulikuwa na kibuyu chirizi cha kunawia mikono. Ukutani palining'inia kalenda ya kanisa. Kumi na nane kwa kumi na nane. Nilikipiga picha, nikaiweka kwenye jalada la tasnifu yangu, chini nikaandika: choo cha mfano.

Msimamizi wangu alikuwa Dakta Sekela, mama wa Mbeya, mwembamba, mkali, asiyependa sentensi ndefu. Alisoma kazi yangu akaniambia, "Matokeo mazuri mno. Nakuja kuona." Mimi nikafurahi. Ujinga mwingine mtu anaupata baada ya kusoma.

Akaja. Tulikodi gari pale Ngara mjini, tukaenda tukitingishwa hadi Murusagamba, na njiani Dakta alikunywa chupa mbili za maji kwa sababu ya vumbi. Tulipofika kwa Mzee Sezari tukakaribishwa chai, akanywa vikombe viwili kwa adabu. Baada ya muda akamwinamia mwenyeji wetu.

"Mama, naomba kujisaidia."

Bibi Anastazia alimtazama mumewe. Mzee Sezari akatazama migomba.

"Choo kipo," alisema Bibi, "rakini si chetu."

"Ni cha nani?"

"Cha Bwana Afya."

Dakta alinigeukia taratibu. Masikio yangu yakapata moto.

"Bibi," nikasema, "Bwana Afya si ndiye mimi?"

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana tumekutunzia."

Akaeleza kwa fahari. Nilisema nikirudi nataka choo, wakanijengea choo. Nilitaka kufuli, wakanunua kufuli. Tangu kilipokamilika hakuna aliyekitia mguu isipokuwa yeye na kitambaa chake. Hata kuku hawamruhusu kusogea. Na majirani wote vilevile, kila kaya ilikuwa inatunza changu. Nilikuwa na vyoo vingi Murusagamba kuliko mtu yeyote mkoani Kagera, na sikuwa najua.

Dakta Sekela alikuwa ameanza kubadilisha mguu wa kusimamia. "Mwenye choo," akaniambia, "naomba ruhusa."

"Karibu, Dakta."

"Hapana," akasema Bibi Anastazia. "Mgeni hawezi kutangulia kwenye chumba cha mtu. Mwenyewe aingie kwanza."

Hakuna aliyemshinda. Ikabidi nipewe ufunguo kwa mikono miwili, nitembee mbele ya watu wote, nifungue, niingie, nifunge mlango. Humo ndani nilikuta gunia la mbegu za maharage limeegemezwa ukutani, kwa kuwa hapakuwa na mahali pakavu zaidi shambani kwao. Nikasimama nikilitazama. Sikujua mwenye choo anapaswa kukaa ndani muda gani ili heshima itimie. Nje nilisikia Dakta akisema, "Theobadi, tafadhali." Nikakohoa, nikatoka, naye akaingia kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona chuoni.

Alipotoka alikuwa amebeba boga.

Alikuja nalo mpaka pale tulipokaa, akaliweka juu ya tasnifu yangu, juu kabisa ya ile picha. "Hili limeota katikati ya njia ya chooni," alisema. "Nimeliruka wakati wa kwenda, wakati wa kurudi likaninasa mguuni likang'oka. Kuna majani mpaka kwenye kifundo cha mguu. Kibuyu hakina maji. Sakafu haijawahi kuona tone mpaka leo, na hilo tone ni langu. Umeniandikia tasnifu ya vyoo au ya makabati?"

Nilikuwa natazama ile njia, na masikioni nasikia ile sauti ya kukwaruza ikiniambia nikanywe uji wangu. Dodoso zima, maswali kumi na nane, hakuna hata moja lililouliza kuhusu njia. Niliona aibu ambayo sijui niiweke wapi.

"Una mpaka mwisho wa muhula," alisema Dakta akiingia kwenye gari. "Lete kazi ya kweli, au usilete kitu. Na boga mrudishie mama."

Nilibaki Murusagamba. Usiku ule sikuweza kula, na Bibi Anastazia, kwa kunihurumia, alinipikia lile boga.

Kesho yake nilimfuata Mzee Sezari kwenye migomba, alikokuwa akikata majani makavu kwa mundu.

"Mzee, niambie kweli. Kwa nini hamkitumii?"

Alikata majani mawili matatu kwanza. "Nina vijana wawili, wameoa. Wakwe zangu wanaishi hapa. Mimi nikae pale anapokaa mkwe wangu?"

"Si mnapokezana tu?"

"Tukutane njiani? Mimi natoka, yeye anaingia? Halafu mchana aje kunipakulia chakula, atanitazama usoni kwa macho gani?" Alitikisa kichwa. "Na wao wananikwepa hivyohivyo. Tulipokijenga kila mtu alimwachia mwenzake. Mwisho tukaamua kiwe cha Bwana Afya. Wewe si mkwe wa mtu hapa."

Nilikaa kwenye kisiki. Nikauliza sasa wote wanakwenda wapi, naye akanionyesha kwa mundu, bila kuona haya kwa vile lilikuwa jambo lililopangwa vizuri: upande ule wa mihogo ni wa mama na wakwe, huku kwenye migomba ya pombe ni kwa mzee, vijana wavuke kijito. Mipaka yao ilikuwa wazi kuliko ramani ya wilaya. Nikaanza kucheka, na Mzee Sezari naye akacheka hadi machozi, mpaka mkewe akaja kuuliza nani amefariki.

Siku zilizofuata nilizunguka kaya zote upya, na safari hii tepu niliiacha begini. Nilisimama kwenye kona ya nyumba nikatazama chini. Majani, majani, mche wa papai, majani, mbuzi amefungwa katikati ya njia. Niliandika kila nilichokiona, na niliandika kuhusu wakwe, na nikapendekeza kila boma lenye wakwe lichimbe vyoo viwili. Kwenye jalada niliweka picha ya boga. Sikuwa nimepiga picha la kwao kabla halijaliwa, hivyo nilipiga la jirani, nalo lilikuwa njiani vilevile.

Siku ya kujitetea mbele ya jopo, mzee mmoja wa suti aliligeuza jalada juu chini akaniuliza kama nimekosea kitivo, cha kilimo kiko jengo la pili. Nikaeleza. Nilipofika mahali pa kupewa ufunguo na kuingia mwenyewe kwanza, yule mzee alivua miwani akajifuta machozi, na Dakta Sekela akatazama dari kwa muda mrefu. Nilipita. Nilimpigia simu Veronika nikamsimulia, akasema, "Kwa boga?" Alikuwa analia, mimi nilimsikia, ingawa hadi leo anakana. Jumapili iliyofuata padri alitangaza shahada bila kutaja mada, na nilimshukuru.

Niliporudi kazini tuliongeza swali la kumi na tisa kwenye dodoso la wilaya. Mnalijua wote, mmelijaza mara nyingi. Maneno yake niliyaandika mwenyewe: Usiulize. Inuka, katazame njia. Nikaenda Biharamulo kumwonyesha Mzee Filbati, ambaye alikuwa ameshastaafu, akalisoma akilisogeza mbali na macho.

"Miaka yote hiyo chuoni," alisema, "kujifunza nilichokwambia bure. Na gamubuti zangu umerudisha?"

Kwa Mzee Sezari walichimba vingine viwili. Kile cha kwanza Bibi Anastazia alikataza kabisa kisiguswe, mwenyewe yupo. Alinipa ufunguo, na ninao mpaka leo.

Sasa nisikilizeni, maana linalofuata sijamwambia mtu isipokuwa Veronika, naye aligundua mwenyewe. Baada ya kustaafu nimerudi Kanazi kwenye nyumba yetu. Mwanangu Deusi ameoa, na mkewe Konsolata ni mwenzenu: msomi wa afya ya jamii, mpole, mchapakazi, wanaishi na sisi bomani. Choo tulichonacho ni kimoja, nilikijenga kwa mkono wangu, kimekamilika kila idara. Asubuhi ya kwanza baada ya harusi nilitoka na taulo begani, nikamkuta Konsolata anatoka chooni. Akapiga goti. "Shikamoo, baba." Nikaitika marahaba, nikampita, nikapita na mlango wa choo, nikanyoosha moja kwa moja hadi kwenye migomba. Mimi, mwenye shahada. Na sijarudi chooni tangu siku ile. Veronika alicheka mpaka akashika ukuta.

Mwezi uliopita Konsolata alikuja sebuleni na kishikwambi cha kazini. Wamepewa dodoso wajaribu kwenye kaya chache kabla ya kwenda vijijini, akaomba aanze na yetu, na mkuu wa kaya ndiye mimi. Nikaketi kwenye kiti mlichonipa. Akauliza kwa heshima, macho chini, mimi najibu kwa sauti ya ofisini. Choo kipo? Kipo. Kina sakafu? Ndiyo. Kifuniko? Ndiyo. Wanakaya wote wanakitumia? Hapo nilikohoa kidogo. "Wote," nikasema. Akaandika. Tukafika la kumi na nane.

La kumi na tisa hakuuliza. Aliinuka, akaweka kishikwambi kwapani, akatoka nje. Nilimsikia akipita jikoni, akazunguka kona ya nyumba, akasimama. Kisha hatua zake zikaelekea upande wa migomba, mahali ambapo kwa miezi kadhaa udongo ulikuwa umeanza kung'aa. Nilitazama saa ya ukutani. Hata yenyewe ilikuwa imesimama.

Alirudi, akabaki mlangoni.

"Baba, kesho fundi anakuja kuchimba choo cha pili."

"Cha nani?" nikauliza.

"Cha Bwana Afya," alisema, akainamisha kichwa, akaingia jikoni haraka, na baada ya muda nikawasikia yeye na Veronika wakicheka.

Fundi alimaliza wiki iliyopita. Kina sakafu ya zege, kifuniko, mlango na kufuli. Mkipita Kanazi karibuni sana, lakini msiniulize kitu. Tazameni njia.